Kwa nini Debian huziba tundu la usalama bila kupandisha namba ya toleo?

Seva yenye mfumo endeshi wa Debian 12 ukiiuliza toleo lake la OpenSSH, ile programu inayokuwezesha kuiendesha mashine ukiwa mbali, itakujibu 9.2p1. Toleo hilo lilitoka Februari 2023. Tarehe 1 Julai 2024 ikatangazwa kwamba OpenSSH zote kuanzia 8.5p1 hadi 9.7p1 zina tundu ambalo mtu asiye na akaunti wala nywila anaweza kulipitia akajipatia mamlaka yote ya mashine. Dawa iliyotolewa siku hiyo ilikuwa toleo 9.8p1. Sasa 9.2 iko kati ya 8.5 na 9.7, hilo halihitaji kikokotoo, kwa hiyo seva yetu iko uchi.

Haiko uchi. Kama ilisasishwa kwa njia ya kawaida, tundu lake lilizibwa siku ileile ya tangazo, na bado inajiita 9.2p1 bila aibu.

Dhana kwamba namba ndogo ni hatari na namba kubwa ni salama imeshika mizizi hata kwa wanaokula mkate wao kwenye kazi hii, na haishangazi. Simu imetuzoesha hivyo: programu inadai isasishwe, unabonyeza, namba inapanda, unaambiwa sasa uko salama. Programu nyingi za kukagua usalama wa mitandao nazo zimejengwa juu ya mazoea hayo. Zinaunganishwa na seva, zinasoma jina na namba ambayo seva inajitambulisha nayo, zinaitafuta kwenye orodha ya udhaifu unaojulikana, kisha zinatoa ripoti yenye mistari myekundu. Hazikujaribu kulipita tundu. Zimesoma namba tu.

Ripoti ikitua mezani kwa mkubwa wa ofisi, fundi anaambiwa apandishe toleo kabla ya Ijumaa. Anatafuta kwenye ghala la Debian 12, hakuna 9.8. Basi anapakua msimbo, yaani maandishi ya programu, moja kwa moja kutoka kwa waandishi, anaujenga mwenyewe, anausimika. Ukaguzi unaofuata, ripoti ni ya kijani na kila mtu anapongezwa. Ila kilichofanyika ni kuitoa programu mikononi mwa watu walioitazama kila siku na kuiweka mikononi mwa fundi mmoja ambaye wiki ijayo atakuwa na kazi nyingine. Tundu lijalo likitangazwa, amri ya kusasisha mfumo itapita pembeni kwa sababu haiijui tena programu hiyo. Namba imepanda, kinga imeshuka, na karatasi zinasema kinyume.

Hata waandishi wa programu wenyewe hukereka. Jamie Zawinski, mwandishi wa XScreenSaver, programu ya kufunika skrini isipotumika, aliweka ndani ya programu yake onyo linalojitokeza toleo likishazeeka, kwa kuwa alichoka kupokea malalamiko ya watumiaji wa Debian kuhusu hitilafu alizokwisha kuzirekebisha zamani. Mwaka 2016 onyo hilo likazua mabishano marefu ndani ya Debian. Zawinski ana hoja, na nitairudia, kwa sababu si hoja ya usalama hasa.

Kwa ufupi, Debian ni nini? Ni mfumo endeshi wa Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na unaotunzwa na watu wa kujitolea waliotapakaa duniani. Programu zake hufungashwa katika vifurushi, na kila kifurushi kina mtunzaji au timu ya watunzaji. Debian 12 ilipotoka Juni 2023 ilikuwa na vifurushi 64,419. Takriban kila baada ya miaka miwili mlango unafungwa: programu mpya haziingizwi tena, hitilafu nzito zinasakwa, halafu toleo imara linatoka. Kuanzia siku hiyo, kila kifurushi kinabaki na namba ya mbele iliyokuwepo mlango ulipofungwa.

Wengi hudhani kufungwa huku ni uvivu, au uhaba wa watu. Tazama kilichokuwa ndani ya 9.8p1. Pamoja na kuziba tundu, toleo hilo liliigawa programu ya seva katika vipande viwili vinavyoendeshwa kila kimoja peke yake, lilizima ufunguo wa aina ya DSA, na lilileta utaratibu mpya wa kuziadhibu anwani zinazoshindwa kujitambulisha mara kwa mara. Yote ni mambo mema. Lakini mwenye kifaa cha kale kinachojua DSA tu angeamka asubuhi na kukuta kimekatika, na sababu ni sasisho la usalama lililoingia lenyewe usiku. Mara mbili ya hayo, naye angezima masasisho ya moja kwa moja. Toleo jipya huja na mzigo wake wote, na huwezi kuchagua ubebe kipi.

Tanzania umri wa gari hupimwa kwa herufi ya namba yake ya usajili. Namba A ni la zamani, namba D ni la baadaye zaidi, na bei mtaani hufuata hivyohivyo. Ila herufi hiyo inasema jambo moja tu: gari lilisajiliwa nchini lini. Breki haizijui. Daladala namba B iliyoingia gereji jana ikavishwa breki mpya itatoka na B yake ileile, na gari lililoshuka melini na kasoro ya kiwandani litapita likimetameta na herufi mpya kabisa. Askari anayepitisha magari kwa kusoma herufi ataisimamisha daladala na kuliruhusu lile lenye kasoro. Ile 9.2p1 ndiyo herufi ya usajili. Inakueleza Debian 12 ilifunga mlango ikiwa na OpenSSH ipi. Habari za breki ziko kwenye karatasi ya gereji, na watu wa Debian ni waangalifu kiasi kwamba karatasi hiyo wameibandika mkiani mwa namba yenyewe.

Namba kamili ya kifurushi kilichozibwa ni 1:9.2p1-2+deb12u3. Sehemu ya 9.2p1 imetoka kwa waandishi wa OpenSSH na Debian hawaigusi. Ile -2 inasema hiki ni kifungashio cha pili cha Debian kwa msimbo huohuo. Halafu +deb12u3: sasisho la tatu lililofanywa ndani ya Debian 12. Mashine yenye u2 ilikuwa wazi, yenye u3 imezibwa. Tofauti kati ya seva inayoweza kutekwa na isiyoweza ni tarakimu moja mwishoni kabisa, mahali ambapo jicho la mtu limeshachoka kusoma.

Na haijafichwa. OpenSSH ya Debian imeongezewa kipengele cha kuutaja mkia huo kwa kila anayeunganishwa nayo, hata kabla hajajitambulisha: SSH-2.0-OpenSSH_9.2p1 Debian-2+deb12u3. Mkaguzi akiishia kwenye nafasi iliyo kabla ya neno Debian, kosa ni lake.

Tundu lenyewe lilifanyaje kazi, na lilizibwaje bila 9.8p1? Mtu akiunganishwa na seva asijitambulishe, OpenSSH humpa muda, kwa kawaida sekunde 120. Muda ukiisha, mfumo endeshi unapiga kengele, na kengele hiyo hukatiza lolote ambalo programu ilikuwa ikifanya, hata kama ilikuwa katikati ya kugawa kumbukumbu. Kwa sababu hiyo, kazi inayofanyika ndani ya kengele inatakiwa iwe ndogo mno. OpenSSH ilikuwa ikiandika kwenye logi, daftari la matukio ya mfumo, kwamba fulani amechelewa, na uandishi huo nao huweza kugawa kumbukumbu. Hapo ugawaji mmoja umekatizwa ukiwa nusu, na mwingine unaanza juu ya nusu hiyo. Anayejua kupanga muda vizuri anaweza kuifanya kengele ilie katika nukta hiyo hasa. Watafiti wa kampuni ya Qualys waliolifichua tundu walihitaji kwa wastani majaribio kama 10,000 kuipata nukta hiyo, na saa 6 hadi 8 kuiteka mashine, na hiyo ilikuwa kwenye mashine ya biti 32 ya majaribio. Seva nyingi siku hizi ni za biti 64, na kwa hizo hawakuonyesha shambulio lililokamilika, jambo ambalo vichwa vya habari vya wiki ile havikulitaja sana.

Kasoro hiyo iliwahi kurekebishwa mwaka 2006. Mwaka 2020, katika kuupanga upya msimbo, mstari uliokuwa ukiilinda sehemu hiyo ukaondolewa kwa bahati mbaya, na 8.5p1 ikatoka nayo. Kwa hiyo Debian 11, yenye OpenSSH 8.4p1, haikuguswa kabisa na tundu hili. Kwa mwenye kuamini namba, Debian 11 ndiyo ilipaswa kuwa mbovu kuliko zote, na fundi wetu angekuwa amejenga 9.7p1 mwezi mmoja kabla angekuwa ndiye aliye hatarini.

Kiraka cha Debian 12, yaani badiliko dogo la msimbo lililoziba tundu, kimsingi ni mistari miwili. Juu ya kipande kinachoandika logi ndani ya kengele umewekwa mstari wa #if 0, chini yake umewekwa #endif. Kwa chombo kinachoujenga msimbo kuwa programu, maana yake ni kwamba kilicho kati ya mistari hiyo kirukwe kana kwamba hakipo. Kengele ikilia sasa, programu inajifunga kimya na kuondoka. Hasara yake ni kwamba logi haitaji tena nani alichelewa kujitambulisha. Nadhani ni bei nafuu kwa kutotekwa.

Kiraka hicho hakichanganywi na msimbo wa asili. Chanzo cha kifurushi cha Debian kwa kawaida kina mafaili matatu: furushi la msimbo kama waandishi walivyoutoa, furushi la pili lenye mambo yote ya Debian, na faili dogo lenye sahihi linaloyafunga hayo mawili pamoja. Ndani ya furushi la pili kuna folda ya viraka na orodha inayoitwa series, na wakati wa kujenga, viraka hubandikwa kimoja baada ya kingine kwa kufuata orodha hiyo. Yeyote anaweza kuvifungua akaona Debian wamebadili nini na kwa sababu gani.

Kwa OpenSSH mambo yalikuwa mepesi. Wasambazaji wa Linux wana utaratibu wa kuarifiwa kwa siri mapema, na tundu hili liliwafikia mwezi Juni, ndipo siku ya tangazo kiraka kikawa tayari. Mara nyingi hali huwa ngumu zaidi. Waandishi wameziba tundu katika msimbo wa leo, ambao umeshapangwa upya mara nyingi. Faili limehamishwa, kipande kimevunjwa vitatu, jina limebadilika. Kiraka chao kwenye msimbo wa miaka mitatu iliyopita hakishiki popote. Mtunzaji inabidi auelewe ugonjwa wenyewe, aandike tiba upya kwa msimbo wa zamani, aijaribu, kisha arudie kazi hiyohiyo kwa kila toleo la Debian ambalo bado linahudumiwa. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi ya usalama, na hakuna namba inayopanda kuitangaza, zaidi ya ule mkia.

Kuhusu mikia, Debian wana sarufi nzima. Mfumo wao wa vifurushi hupangilia namba na hukataa kushuka kimyakimya, kwa hiyo kila hali isiyo ya kawaida imetafutiwa alama. Ile 1: iliyo mbele ya OpenSSH ni turufu: kifurushi chochote chenye 1: humshinda asiye nayo, hata huyo awe na namba milioni. Hutumika waandishi wanapobadili mtindo wao wa kuhesabu. Ubaya wake ni kwamba ukishaiweka huiondoi tena milele; Vim katika Debian imefika 2:. Alama ya wimbi, ~, ni kinyume chake, humweka mtu nyuma ya yule asiye na kitu. Ndiyo maana 1.0~rc1 huhesabiwa kuwa ya awali kuliko 1.0.

Ninayoipenda zaidi ilitokea Machi 2024. Mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akagundua kwamba xz, programu ya kubana mafaili, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ilikuwa imepandikizwa mlango wa nyuma na mtu aliyejenga imani ya mradi huo kwa miaka miwili hivi. Matoleo hayo yalikuwa yameshaingia kwenye tawi la Debian la majaribio. Lilihitajika kurudi 5.4.5 haraka, lakini mfumo haushuki, na turufu ya 1: ingebaki milele. Kifurushi kilichotoka kikaitwa 5.6.1+really5.4.5-1. Mbele namba inasema uongo, katikati inaungama kwa Kiingereza, na mfumo wa vifurushi unaridhika kwamba imepanda.

Debian 12 ilikuwa na xz 5.4.1 na haikupatwa na lolote. Wengi walilichukua hilo kuwa ushahidi kwamba uzee ni kinga. Tukio moja halitoshi kusema hivyo, na hili lina upande wa pili. OpenSSH kama inavyotoka kwa waandishi wake haiitumii xz kabisa. Mlango ule uliweza kuifikia kwa sababu Debian na wasambazaji wengine kadhaa walikuwa wameibandika kiraka cha kuzungumza na systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, ambayo nayo iliivuta maktaba ya xz. Mkono unaoziba ndio uliofungua njia.

Na kuna kisa kibaya kuliko hicho. Mwaka 2006, katika kifurushi cha Debian cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji ambayo programu nyingi huitumia, iliondolewa mistari ambayo zana ya kukagua kumbukumbu ilikuwa ikiilalamikia. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikikoroga bahati nasibu ya kutengenezea funguo. Baada ya hapo kilichobaki kubahatisha kilikuwa namba ya mchakato, ile ambayo mfumo huipa kila programu inapoendeshwa na ambayo kwa kawaida haizidi 32,768. Mtu aliweza kuziorodhesha funguo zote zinazowezekana na kuzijaribu moja moja. Lilitangazwa tarehe 13 Mei 2008, karibu miaka miwili baadaye. Msimbo wa asili ulikuwa mzima. Kiraka ndicho kilichokuwa kidonda. Tangu hapo mtunzaji anayekuta mstari asioelewa kazi yake ana sababu nzuri ya kuwaandikia kwanza waandishi.

Mipaka mingine ni ya kawaida zaidi. Kwa vivinjari, Debian wamekubali kushindwa: msimbo wa Firefox na Chromium ni mkubwa na hubadilika haraka mno kurudishiwa viraka, hivyo huko namba hupanda hata ndani ya toleo imara. Firefox ina historia yake ya viraka: kuanzia 2006 hadi 2016 Debian waliiita Iceweasel, kwa kuwa Mozilla haikutaka jina lake libaki kwenye kivinjari chenye viraka ambavyo haijaviidhinisha. Matundu madogo nayo hayazibwi papo hapo. Mengine husubiri sasisho la jumla la miezi kadhaa, mengine huachwa kwa maelezo kwamba madhara yake ni madogo. Na hitilafu za kawaida zisizo za usalama, zile zinazoudhi tu, mara nyingi hubaki hadi Debian ijayo. Hapo ndipo Zawinski alikuwa sahihi: mtumiaji wa toleo imara anaishi na kero ambazo mwandishi alishazisahau.

Kwa hiyo ukiwa na ripoti nyekundu mkononi, chukua namba ya CVE iliyotajwa, ambayo ni utambulisho wa kila tundu linalojulikana, mathalani CVE-2024-6387 kwa tundu letu la OpenSSH, uitafute kwenye kurasa za Debian za kufuatilia usalama. Utapewa jedwali linaloonyesha kila toleo la Debian na mkia uliozibwa. Linganisha na unachokipata kwa amri ya dpkg -l openssh-server. Ukitaka maelezo kwa maneno, apt changelog openssh-server itakupa shajara ya mtunzaji, sasisho la karibuni likiwa juu.

Jambo moja jedwali hilo halikuonyeshi. OpenSSH hujiwasha upya yenyewe inaposasishwa, lakini maktaba kama OpenSSL haina cha kuwashwa. Programu zilizokwisha kuipakia huendelea na nakala ya zamani iliyo kwenye kumbukumbu hadi zizimwe. Unaweza kuwa na mkia sahihi kwenye diski na tundu bado likipumua. Kipo kifurushi cha needrestart ambacho hukutajia programu zinazongoja kuwashwa upya. Novemba 2024 chenyewe kilikutwa na matundu yaliyokaa humo tangu 2014. Waandishi waliyaziba katika 3.8. Debian 12 nayo iliyaziba, na ukiiuliza itakuambia ina 3.6.